Tuzime, Kuna Mgonjwa

Asubuhi ile mji wa Namihuru ulizimwa kama unavyozimwa siku zote akiwapo mgonjwa kwenye meza ya upasuaji. Spika ya msikiti ilikohoa kidogo, kisha muadhini Mahamudu akasema, "Jamani, tuzime, kuna mgonjwa. Ni Somoe, binti wa Asumini." Hakurudia. Runinga za ukutani zikazimwa. Mashine ya korosho inayopokea bei kutoka mnadani ikanyamaza. Watoto shuleni wakafunga vibao vyao vya kioo, wakatoa madaftari ya karatasi. Hata vijana wa kijiweni, ambao ungedhani watazikwa wameshika simu, walizizima wakazitia mfukoni.

Hakuna serikali iliyowafundisha hayo. Walijifundisha wenyewe, mwaka ule mikono ya chuma ilipoletwa kwenye zahanati. Daktari anakaa mbali, kwenye mji mkubwa, amevaa glovu zenye nyaya. Akikunja kidole kule, kidole cha chuma kinakunjika Namihuru. Kilicho katikati yao ni mkongo, uzi wa kioo uliofukiwa kando ya barabara, na mwanga unaokimbia ndani yake. Siku hizo mkongo wa Namihuru ulikuwa mwembamba. Ikatokea siku ya fainali ya mpira, mji mzima umekaa mbele ya runinga, na Bi. Kulusumu muuza mihogo yuko mezani, tumbo liko wazi. Mwanga ukabanana. Mikono ikasimama juu yake na sindano ikiwa katikati ya mshono, ikasimama hivyo hivyo, mpaka bibi wa watu akaisha.

Toka siku hiyo, kuna mgonjwa, mji unazima. Mtoto wa Namihuru anajua kuzima kabla hajajua kuandika jina lake. Majirani zao wa Chilindi, ng'ambo ya msitu, walisikia habari hiyo, wakaona ni jambo la utu, wakaiga.

Aliyekuwa akisimamia chumba cha mkongo alikuwa Bakiri Chikoweka, mtu wa maneno mengi na magoti mabovu. Mji ulimpa kazi ile kwa sababu ya mdomo wake: ilidhaniwa kwamba Mamlaka ya Mwanga, inayosimamia mikongo yote ya nchi, ikileta ujinga, atakuwapo wa kuijibu. Alikuwa pia kaka wa Asumini, kwa hiyo mjomba wa Somoe. Kwao mjomba si mtu wa kuja kula pilau tu. Ndiye anayemwozesha mpwa wake, ndiye anayempeleka hospitali, na ikibidi ndiye anayeshuka naye kaburini.

"Mjomba, umevaa kanzu ya Idi," Somoe alimwambia. Alikuwa amelazwa kwenye kitanda cha magurudumu mlangoni mwa chumba cha mikono, nywele zimefungwa kitambaa cha kijani. "Unanipeleka kwa daktari, au unaniozesha?"

"Tunza pumzi, mwanangu."

"Niitunze ya nini? Si nabadilishiwa valvu leo? Nikiamka nitakuwa nayo tele. Nitagombana na wewe mpaka mfungo."

"Huyu mtoto!" Asumini akasema. Alikuwa ameshika mguu wa binti yake juu ya shuka, anaukanda bila kujua kwamba anaukanda. "Hata leo, Somoe?"

"Leo hasa, mama. Kesho nitakuwa na kidonda, nitakuwa mpole."

Alikuwa mwalimu wa darasa la kwanza, na kwa miezi kadhaa alikuwa akifundisha ameketi, kwa sababu akisimama ubaoni midomo ilikuwa inageuka rangi. Homa ya koo ya utotoni ilikuwa imemla moyo taratibu. Mara mbili alikuwa ameletwa hapa, na mara mbili daktari alikuwa amesema kabla ya kumpa dawa ya usingizi: hapana, rangi ya mwanga kwenye mkongo imepungua, mrudisheni nyumbani. Mara zote mbili mji ulitafuta mchawi wake. Ikasemwa kwamba nyumba ya jirani yao Ausi ilikuwa na runinga iliyofichwa uvunguni. Mawe yakarushwa kwenye bati lao. Bakiri mwenyewe alikuwa amekwenda mlangoni kwao, akampigia Ausi kelele mbele ya wanawe.

Sauti ya Dk. Kokugonza ikatoka darini. Alikuwa mwanamke mwenye sauti ya mtu aliyechoka na bado ana adabu.

"Mzee Bakiri, upo?"

"Nipo, daktari."

"Leo nataka rangi nzima, toka mwanzo hadi mwisho. Namlaza sasa. Ninasema wazi mbele ya mama yake: moyo huu utavumilia dawa ya usingizi mara moja tu. Nikimlaza na nisipomfanyia, sitaweza kumlaza tena."

"Mji wote umezima," Bakiri akasema, na alisema kwa fahari. "Hata inzi hawapigi kelele."

"Vizuri. Nenda kwenye chumba chako. Somoe, hesabu kurudi nyuma, mwalimu."

"Kwa Kiswahili au kwa Kiyao?" Somoe akauliza, na alipofika saba akalala.

*

Tuseme basi kuhusu hizo rangi, maana ndipo ulipo wizi.

Uzi wa kioo ni mmoja, lakini mwanga unaopita ndani yake umepasuliwa rangi nyingi, na kila rangi ni barabara yake. Wanaopita kwenye nyekundu hawagongani na wanaopita kwenye buluu. Zamani kila mji ulipewa rangi yake. Namihuru walikuwa na yao, Chilindi yao. Ukiitumia, ukiiacha, ni yako, kama shamba lako lilivyo lako hata mwaka ambao hukulima.

Halafu ikaja Uboreshaji.

Namihuru ina kumbukumbu. Inakumbuka mizani ya tumbaku iliyosomwa na mtu mwenye haraka. Inakumbuka reli iliyopimwa kwa vigingi kutoka mwanzo wa wilaya hadi mwisho, na vigingi vikageuka kuni. Inakumbuka korosho zilizokaa ghalani zikisubiri mnunuzi aliyeahidiwa. Kila mara alikuja mtu aliyevaa koti kwenye jua, akazungumza juu ya ufanisi. Safari hii koti lilisimama uwanja wa shule likasema kwamba rangi nyingi za vijijini zinalala, na rangi iliyolala ni hasara ya taifa. Sasa rangi hazitakuwa za mtu. Patakuwa na Mgawi, akili ya mashine iliyoketi huko huko kwenye miji mikubwa, itakayotazama mikongo yote ya nchi kwa wakati mmoja. Anayetumia ataongezewa. Asiyetumia atapunguziwa, na akitaka tena atarudishiwa. Haki tupu. Watu wakapiga makofi, wakapewa soda.

Bakiri alinyanyuka siku ile akauliza: na mikono ya zahanati? Akajibiwa kwamba dharura zimewekewa njia yao. Hakuambiwa maneno yaliyoandikwa chini yake, kwamba njia ya dharura ni ya hospitali yenye daktari ndani. Zahanati ya Namihuru ina mikono, daktari hayumo. Kwa hiyo machoni mwa Mgawi, mikono iliyoshika moyo wa mtu na kijana anayetazama mpira ni kitu kimoja. Na huenda kijana ndiye mkubwa, maana hula mwanga zaidi.

*

Kwenye chumba cha mkongo kulikuwa na kioo ukutani, na kwenye kioo ukanda wa kijani. Ukanda ukijaa kutoka ukingo hadi ukingo, Namihuru ina rangi nzima. Bakiri aliukuta umefika robo tatu, akaguna, akatoka nje kusikiliza kama kuna mhuni aliyewasha. Alisikia kuku. Alisikia mtu anatwanga. Akarudi, na ukanda ulikuwa umefika nusu.

"Mzee Bakiri," Dk. Kokugonza akasema kwenye kisikilizi kilichokuwa sikioni mwake. "Mikono inachelewa. Sijampasua bado. Siwezi kumpasua hivi."

"Subiri, daktari. Subiri kidogo."

Akasimama mbele ya kile kioo. Magoti yalikuwa yanamuuma. Alikumbuka kwamba mara ya kwanza ilikuwa vivyo hivyo: asubuhi rangi ilikuwa nzima, muadhini akatangaza, mji ukazima, rangi ikaondoka. Na mara ya pili, ambapo walizima mapema zaidi, tangu alfajiri, kwa kuogopa kurudia kosa, rangi iliondoka mapema zaidi.

Kulikuwa na runinga ndogo mezani, ya kupimia. Aliiwasha. Wanaume wawili wakaanza kubishana juu ya bei ya mbolea. Ukanda wa kijani ukasogea mbele kwa upana wa kucha.

Akaizima. Ukanda ukarudi.

Akaiwasha tena, maana mtu hataki kuamini jambo la namna hiyo mara moja. Ukanda ukasogea. Akaiacha inawaka, akaketi kitini.

Mkongo wenyewe haukuwa mwembamba tena. Ulipanuliwa miaka mingi nyuma. Rangi moja ingebeba mji mzima na mikono juu yake bila kutoa jasho. Hakukuwa na haja ya kuzima. Walizima kwa sababu ya Bi. Kulusumu, kwa sababu ya heshima, kwa sababu ndivyo mtu anavyompenda jirani yake aliye mezani. Na Mgawi alitazama akaona mji uliolala. Kadiri walivyompenda mgonjwa wao, ndivyo walivyomnyang'anya mwanga. Ausi wa watu, aliyepigwa mawe, kama kweli alikuwa na runinga uvunguni, basi ni yeye peke yake aliyekuwa akimsaidia Somoe.

Bakiri alinyanyuka, akachukua kipaza sauti kinachounganisha chumba chake na spika ya msikiti. Alikuwa na neno moja la kusema: washeni. Washeni kila kitu, wekeni muziki, wekeni mpira, pigeni simu kwa shangazi zenu. Kidole kilikuwa tayari kwenye kitufe, simu ya Chilindi ikalia.

*

Alusi Ngaponda ndiye mwanamke aliyesimamia chumba cha mkongo cha Chilindi. Ukoo wake na ukoo wa kina Chikoweka walikuwa watani, na walikuwa hawajawahi kusalimiana kistaarabu hata siku moja.

"We mzee mla panya," Alusi akasema, lakini sauti haikuwa ya utani. "Nyie mmechukua rangi yangu?"

"Nichukue nini kwenu, zaidi ya chawa? Alusi, nisikilize, usizime mji. Kuzima ndiko kunakotuua. Mgawi anaona..."

"Nimeshaona. Nimewasha redio nimeona. Bakiri, nina mtoto mezani."

Bakiri akaondoa kidole kwenye kitufe.

"Shazili, wa Esha wa pale kisimani. Kaanguka juu ya jembe la trekta, ini limekatika. Wameshampasua. Mikono imo ndani, Bakiri, imo ndani na inatetemeka. Daktari anasema picha inamfikia damu ikiwa imeshamwagika. Nipe rangi."

"Sina ya kukupa. Yangu imefika theluthi, na mimi nina mgonjwa pia. Ni Somoe."

Alusi alivuta pumzi. Alikuwa amemjua Somoe tangu akiwa wa kubebwa. "Kapasuliwa?"

"Kalazwa tu."

"Wapigie Mamlaka. Niache kwenye laini nisikie."

Aliyepokea alikuwa kijana mwenye sauti laini, akajitambulisha kuwa afisa wa zamu, jina lake Ombeni. Alisikiliza mpaka mwisho, hilo tumpe. Kisha akasema:

"Mzee wangu, nimeangalia hapa. Mfumo hauna hitilafu. Ufanisi wa tawi lenu leo uko juu kuliko kawaida."

"Sijauliza ufanisi, mwanangu. Nauliza rangi zetu ziko wapi."

"Mjini, mzee. Leo ni robo fainali za ligi ya vivuli, ule mchezo wa mtandaoni. Watu wapo vyumbani wanacheza, mahitaji ni makubwa mno. Tawi la kusini limebakiziwa rangi moja kwa ajili ya Namihuru na Chilindi. Itakwenda kwa mwenye mahitaji."

"Wote wawili tuna mahitaji!"

"Basi itagawanywa nusu kwa nusu."

"Mikono haifanyi kazi na nusu," Alusi akadakia. "Kijana, umewahi kuona mtu anashonwa ini kwa mikono inayotetemeka?"

"Dada, naelewa. Lakini mfumo hauruhusu mtu kuingilia kwa mkono. Ndiyo maana ya kuondoa upendeleo." Akasita kidogo, kisha akashusha sauti, kama mtu anayetazama mlango. "Mmoja wenu akikaa kimya kabisa, na mwingine akawasha kila kitu, rangi yote itahamia kwa aliyewasha. Hicho tu ndicho ninachoweza kuwaambia. Poleni sana."

Akakata.

Walibaki wawili kwenye laini.

"Upasuaji wa mtoto utachukua muda gani?" Bakiri akauliza.

"Hadi jioni, wanasema. Na wako?"

"Hawezi kulala hadi jioni. Moyo hautaki. Na akiamka hawezi kulazwa tena."

"Bakiri."

"Nakusikia."

"Mimi nina kipaza sauti mkononi, kama wewe. Naweza kuwasha mji wangu sasa hivi. Na wewe unaweza. Tukiwasha wote, tunawaua wote."

"Najua hesabu, Alusi."

"Sikuombi," Alusi akasema. "Unasikia? Kitu hiki hakiombwi. Ukisema unawasha, nitazima, kwa sababu sitaki kuwaua wawili. Sema tu. Sema upesi."

Zahanati ilikuwa ng'ambo ya barabara. Kutoka dirishani Bakiri alimwona dada yake ameketi kwenye benchi la nje, mikono mapajani, miguu imenyooshwa mbele kama mtu anayepumzika shambani. Ilikuwa ni suala la kufungua dirisha na kumwita. Asumini, njoo. Ana haki ya kusema; ndiye aliyemzaa. Lakini Bakiri alijua kabisa dada yake angesema nini. Mama gani angesema vingine? Na akishasema, yeye Bakiri angetii, na kule Chilindi mtoto ambaye ameshapasuliwa angeachwa wazi kama Bi. Kulusumu alivyoachwa.

Hakufungua dirisha.

"Washeni," akasema. "Huyo wenu keshafunguliwa. Washeni, sisi tutakaa kimya."

Alusi hakushukuru. Alisikika akikimbia. Muda mfupi baadaye, kwenye ile runinga ndogo, wanaume wa mbolea waliganda, wakavunjika vipande vipande, wakapotea. Bakiri aliizima kwa mkono wake mwenyewe. Ukanda wa kijani ukaenda ukiisha, ukawa uzi, na nje Namihuru ikaendelea kukaa kimya kwa utiifu wote, watu wameketi majumbani bila kugusa chochote, wanamwombea Somoe.

"Mzee Bakiri," Dk. Kokugonza akasema, sauti ikija vipande. "Naipoteza kabisa. Kuna nini?"

"Mwamshe, daktari."

"Ulinisikia nilichosema?"

"Nilikusikia. Mwamshe mtoto wangu."

*

Somoe aliamka mchana. Mama yake alikuwa upande mmoja, Bakiri upande mwingine. Alifumbua macho, akatazama dari, akatabasamu.

"Tayari?" akauliza.

Hakuna aliyejibu. Akauingiza mkono chini ya shuka, akapapasa kifua, taratibu, kwa woga wa mtu anayetarajia maumivu. Akatafuta bendeji. Akatafuta mshono. Vidole vikatembea kutoka shingoni hadi tumboni na kurudi.

"Mjomba, mbona siumwi?"

Asumini aligeuka akamtazama kaka yake. Mpaka dakika ile alikuwa ameambiwa tu kwamba rangi imepotea, kama mara zilizopita. Bakiri angeweza kuliacha hapo. Mamlaka imechukua, Mgawi kachukua, laana ziwashukie. Wala isingekuwa uongo.

Lakini akawaambia. Akawaambia juu ya ukanda, na juu ya kuzima, na juu ya Shazili aliyekuwa ameshapasuliwa. Aliongea kwa kirefu, kama anavyoongea siku zote, na katikati ya maneno alisikia kwamba anaongea kama mtu wa koti, akaacha.

Somoe alikuwa amefumba macho.

"Huyo mtoto," akasema. "Kapona?"

"Bado wako naye. Wanasema atapona."

"Haya."

Akageukia ukutani. Asumini alikuwa bado anamtazama kaka yake. Hakusema neno, si pale, si njiani, wala siku zilizofuata ambazo Somoe alilala nyumbani na mwalimu mwenzake akawaleta darasa la kwanza wasimame dirishani kumwimbia. Somoe aliwasikiliza. Aliwakosoa mahali walipokosea. Alifariki adhuhuri, mama yake akiwa anampepea.

*

Watani hawasubiri kualikwa msibani. Chilindi walifika kwa matrekta mawili, wanawake wakaingia ndani kwenye mikeka, wanaume wakabaki uani. Desturi inawataka watani wafanye vituko: wamcheke marehemu, waibe kuku wa wafiwa, walale mbele ya jeneza wadai walipwe ndipo lipite. Wafiwa wakicheka huku wanalia, msiba unakuwa mwepesi kidogo. Ndiyo kazi yao. Hakuna mwingine anayeruhusiwa kuifanya.

Alusi Ngaponda alisimama katikati ya chumba, akajifunga khanga kiunoni.

"Nyie watu wa Namihuru ni wachoyo," akaanza. "Mtoto mzuri namna hii mnamficha chini ya udongo ili sisi tusije tukamwoa. Mmeona posa yetu ni ndogo..."

Akashindwa. Aliweka mkono mdomoni.

"Endelea," Asumini akasema kutoka pembeni. Ilikuwa sauti yake ya kwanza kusikika siku ile. "Umetoka mbali. Fanya kazi yako."

Alusi akajaribu tena, hakuweza. Nyuma yake mwanamke mmoja kijana akapenya katikati ya wanawake, akapiga magoti mbele ya Asumini. Bakiri alikuwa amekuja kusimama kizingitini, maana alitakiwa kuwauliza wanawake kama wamemaliza ili maiti itolewe. Hakuhitaji kuambiwa ni nani. Ni Esha wa kisimani.

"Mama," Esha akasema. "Mwanangu anakula uji. Nimekuja kukushukuru."



"Usinishukuru," Asumini akasema. "Mimi sikuulizwa."

"Mama..."

"Nisikilize. Sikuulizwa, na nilikuwa pale nje, ungeweza kunirushia jiwe likanipata. Wangeniuliza, ningesema wawashe hapa. Nisingefikiri mara mbili. Mwanao ndiye angekuwa anatolewa leo, na mimi nisingekuja kwenye msiba wako. Sasa unanishukuru nini?"

Wanawake wengine wakaanza kunong'ona, jamani Asumini, jamani. Esha hakuondoka. Alibaki amepiga magoti, machozi yakimtiririka bila yeye kuyafuta.

"Na mimi ningesema hivyo hivyo," akasema. "Wangeniuliza mimi, ningesema washa huku. Mwache wa Namihuru afe."

Asumini alimtazama kwa muda mrefu. Kisha akajivuta upande, akaacha nafasi kwenye mkeka, na Esha akaketi kando yake. Wakakaa hivyo, bega kwa bega, wanamtazama Somoe aliyelala katikati ya chumba ndani ya sanda. Hapo ndipo Asumini alipolia, kwa sauti, kwa mara ya kwanza, na yule mgeni akamshika.

Bakiri alibaki amesimama kizingitini. Alitakiwa kuuliza kama wamemaliza. Uani wanaume walikuwa wakingoja, na yeye ndiye aliyepaswa kushuka kaburini kumpokea. Alimsubiri dada yake anyanyue macho. Alisubiri mpaka Alusi akaja, akamgusa kiwiko, akamwambia kwa upole, bila tusi lolote:

"Twende, Bakiri. Hatakutazama."